Pikapu kwanza au amplifaya kwanza? Gitaa langu linalia kama nyuki chupani

#1 Kidole_Sugu
Wakuu salaam. Nina gitaa la umeme lenye pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) tatu za koili moja, umbo la Stratocaster, na kiamplifaya cha transista cha wati 15 chenye spika ya inchi 8. Nikipiga safi, pikapu ya daraja, ile ya nyuma kabisa, inanikata masikio. Nikiongeza gaini ili sauti ikwaruze, inageuka nyuki waliofungiwa chupani. Nikiacha kupiga, mngurumo unabaki palepale. Ninachotafuta ni sauti nene, nota ikae, isife kabla sijaifikisha ninakotaka.

Nimejibana nikapata uwezo wa kununua kitu kimoja tu: pikapu mpya au amplifaya mpya. Rafiki yangu anayepiga besi anasema pikapu ndiyo gitaa lenyewe, amplifaya kazi yake ni kuikuza sauti tu. Nimeanza kumwamini. Nipingeni.

#2 Dereva_Mstaafu
Pikapu unataka singo kebini au dabo kebini? Kama mizigo ni mingi chukua singo.

#3 Ngoja_Waje
Hahaha mzee umepotea jukwaa, ya magari yako kule. Mimi nimewahi siti ya mbele, ngoja waje wajuzi.

#4 Chuma_Baridi
Hapa hakuna mjadala. Toa hizo koili moja, weka hambaka kali, pikapu ya koili mbili, kwenye daraja. Chukua yenye kiloomu 16, usihangaike na za 8, maana namba ikiwa mara mbili na nguvu ni mara mbili. Hambaka iliundwa kwa ajili ya distosheni, ile sauti ya kukwaruza. Mngurumo kwisha, unene utakuja wenyewe.

#5 Fundi_Risasi
Chuma_Baridi, umeongea kwa kujiamini ila makosa ni mawili.

La kwanza: mwaka 1955 Seth Lover alipoiunda hambaka pale Gibson, hakuna aliyekuwa akitafuta distosheni. Shida ilikuwa mngurumo. Koili moja inanasa mtetemo wa nyuzi kwa sumaku, na inanasa pia uchafu wa transfoma na taa zilizo karibu. Ukiweka koili mbili, moja ukaisuka kinyume na kuigeuza sumaku yake, mngurumo wa hii unaufuta mngurumo wa ile, na sauti ya nyuzi inajumlishwa. Unene ulikuja kama nyongeza tu, na wapo walioulalamikia kwamba trebo, makali ya juu, imepotea.

La pili: kiloomu hazipimi nguvu. Zinapima ukinzani wa waya, basi. Waya wa namba 42 na wa namba 44 ukivizungusha idadi ileile, wa 44 utasoma zaidi kwa kuwa ni mwembamba. Chukua Telecaster: pikapu ya shingo mara nyingi inasoma kiloomu nyingi kuliko ya daraja, kwa sababu imesukwa kwa waya wa namba 43, na bado ndiyo yenye sauti ya upole. Tena shaba ikipata joto inasoma juu zaidi. Pima asubuhi, pima tena mchana wa jua kali, utadhani umeuziwa pikapu nyingine.

#6 Chuma_Baridi
Sawa fundi, kiloomu nimekuachia. Ila hambaka ni nene au siyo nene?

#7 Fundi_Risasi
Ni nene. Hapo tumekutana.

#8 Mzee_wa_Rithimu
Vijana hamjambo. Kidole_Sugu, huyo rafiki yako anakupoteza. Umeandika "spika ya inchi 8" halafu ukapita kana kwamba ni jambo dogo, kumbe ugonjwa wako uko hapo. Spika ya gitaa ni chujio. Ile ya inchi 12 ya kawaida, ukivuka 5,000 Hz inaanza kufa, na kufa kwake ndiko kunakofanya distosheni isikike kama muziki badala ya mlio wa msumeno. Kaspika kadogo ndani ya kaboksi kadogo hakana tumbo, na kifua chake chote kiko puani.

Mimi nimepiga rithimu miaka mingi, nimepitia magitaa ya kuazima yenye pikapu za kila aina. Amplifaya ikiwa nzuri, gitaa bovu linasikilizika. Lakini gitaa zuri ukilichomeka kwenye boksi bovu halijawahi kunifurahisha hata siku moja.

#9 Ngoja_Waje
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "kifua chote kiko puani" nimecheka peke yangu kama mwehu.

#10 Mzee_wa_Rithimu
Marahaba. Cheka tu, ndivyo zilivyo.

#11 Dada_Besi
Mimi ndiye huyo rafiki anayewapoteza watu 😂

Nimenukuliwa nusu. Nilisema amplifaya haiwezi kurudisha kitu ambacho pikapu haikukiokota. Kama pikapu imeacha besi huko nyuma, ukizungusha nobu ya besi kwenye amplifaya unaongeza mngurumo. Unanunua mashine kubwa ya kukuzia tatizo lako.

#12 Bwana_Valvu
Nyote mnazunguka mbuyu. Anunue amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo za zamani badala ya transista, mambo yaishe. Valvu inatoa hamoniki (sauti za juu zinazoambatana na nota) shufwa, yaani ya pili na ya nne, zinazopendwa na sikio. Transista inatoa witiri, zinazochoma. Na achukue wati 100, 50 hazitoshi, atapata sauti nusu tu.

#13 Fundi_Risasi
Bwana_Valvu, nazipenda valvu kama wewe, ila hesabu hizo hapana. Wati 100 dhidi ya 50 ni tofauti ya desibeli 3. Utaisikia, lakini siyo mara mbili. Ili sikio lidhani sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Ukibadilisha spika ya desibeli 97 ukaweka ya 100, umepata hizohizo 3 bila kugusa wati hata moja.

Hiyo ya shufwa na witiri nayo ni nusu hadithi. Amplifaya nyingi za valvu tunazozisifu, valvu zake za mwisho zinafanya kazi kwa jozi, moja inasukuma nyingine inavuta, na mtindo huo unazifuta hamoniki shufwa zinazozaliwa humo. Utamu ninaoupata mimi unatokana na jinsi inavyolemewa polepole. Transista inafika ukomo na kukata kama panga. Valvu inajikunja kwanza.

#14 Bwana_Valvu
Za valvu moja je? Na hatua za mwanzo, kabla ya hizo jozi? Huko shufwa zipo tele.

#15 Fundi_Risasi
Zipo, kweli. Ndiyo maana nikasema nusu hadithi, sikusema uongo.

#16 Mtoto_wa_Jazi
Naomba kuongeza: si kila transista ni panga. Roland JC-120 ni ya transista tangu 1975, na wanaotaka sauti safi isiyotetereka wanaigombania hadi leo. Kama mtu anapiga rumba nyuzi za juu, safi na haraka, kwa nini abebe valvu na transfoma za kuvunja kiuno?

#17 Kidole_Sugu
Mimi nataka vyote, safi ya rumba na ile nene ya bluzi. Najua ni tamaa.

#18 Fundi_Risasi
Kabla hujatumia hata senti, nijibu maswali matatu. (a) Ukiwa kwenye pikapu ya daraja, zungusha nobu za toni zote mbili. Sauti inabadilika? (b) Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, pima kwa rula kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Milimita ngapi? (c) Waya wako wa kutoka gitaa hadi amplifaya una urefu gani?

#19 Kidole_Sugu
(a) Haibadiliki HATA KIDOGO. Siku zote nilidhani nobu zimekufa. (b) Rula yangu haiingii vizuri, ila nakadiria milimita 1. Nikibonyeza huku juu kabisa uzi unakaribia kugonga sumaku. (c) Mita 6, ule wa kujikunja kama wa simu ya zamani.

#20 Ngoja_Waje
Fundi kashapata mgonjwa 😂

#21 Fundi_Risasi
Nobu hazijafa. Stratocaster ya mfumo wa asili, toni moja ni ya shingo, nyingine ya katikati. Ya daraja haikupewa toni kabisa. Trebo yote inakwenda kwenye amplifaya bila breki, ndiyo maana inakukata masikio. Dawa ni kipande cha waya chenye urefu wa kidole, ndani ya swichi, ili nobu moja ihudumie daraja nalo.

Umbali wa pikapu na uzi: kwa koili moja za mtindo wa zamani, kipimo cha kuanzia ni karibu milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba, ukiwa umebonyeza freti ya mwisho. Wewe uko kwenye 1. Sumaku hizo zina nguvu, zinauvuta uzi wakati unatetemeka. Nota haikai, na ukisikiliza vizuri nota za juu kwenye uzi mnene zinayumba, kama sauti mbili zinazogombana. Uliandika nota inakufa mapema. Unaiua mwenyewe kwa bisibisi.

#22 Sumaku_Pole
Hapa nina kisa. Gitaa langu lilikuwa na shida hiyohiyo ya kuyumba, nikamlaumu aliyetengeneza daraja, nikalaumu nyuzi, nikanunua seti nne tofauti. Siku moja nikashusha pikapu ya shingo raundi mbili za bisibisi na kuyumba kukaisha. Baadaye nikabadilisha kutoka Alniko 5 kwenda Alniko 2, sumaku dhaifu kidogo, sauti ikawa laini kama imevuliwa viatu. Kwa mtu anayelalamika kukatwa masikio, ningeanza na sumaku kabla ya koili.

#23 Chuma_Baridi
Raundi mbili za bisibisi haziondoi mngurumo lakini. Nasimama palepale: hambaka.

#24 Dada_Besi
Kama pikapu yake ya katikati imesukwa kinyume, akiweka swichi nafasi ya 2 au ya 4 (katikati pamoja na jirani yake) mngurumo unapungua bila kununua kitu. Zile za zamani kabisa hazikuwa hivyo, lakini nyingi za siku hizi ziko hivyo.

#25 Mchomeleaji
Mkitaka vyote mnunue hambaka yenye waya nne halafu mweke swichi ya kukata koili. Ukitaka nene unaacha, ukitaka nyembamba unakata. Unapata koili moja bila mngurumo.

#26 Fundi_Risasi
Ukishakata koili, mngurumo unarudi. Umebaki na koili moja, nani ataufuta?

#27 Mchomeleaji
Duh. Nimeitumia mwaka mzima nikidhani ni amplifaya.

Basi niwape kisa kingine nijidhalilishe vizuri. Nilichomea hambaka mpya mwenyewe. Daraja peke yake, safi. Shingo peke yake, safi. Zote mbili pamoja, sauti ikawa nyembamba kama redio yenye betri zilizochoka, besi yote imetoroka. Nikatumia siku mbili nikilaumu poti, zile nobu kwa ndani. Kumbe waya mbili nimezigeuza, pikapu moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, zinafutana. Nikabadilishana waya zile mbili tu, besi ikarudi nyumbani.

#28 Sumaku_Pole
Na poti je? Ukihama kutoka koili moja kwenda hambaka ukaacha poti za kiloomu 250, utasema hambaka ina kikohozi. Kawaida ni 500 kwa hambaka na 250 kwa koili moja. Poti ndogo inavuja trebo kwenda ethi hata ukiwa umeifungua yote.

#29 Fundi_Risasi
Sahihi. Na kinyume chake, Kidole_Sugu akute mtu amemwekea za 500 kwenye koili moja, hiyo nayo ingekuwa sababu nyingine ya makali. Fungua uangalie, namba imepigwa mgongoni mwa poti.

Waya wake wa mita 6 unafanya kinyume. Kila mita ina takriban pikofaradi 100, zaidi au pungufu kutegemea waya. Zinateremsha kile kilele cha sauti cha pikapu, makali yanapungua. Usiuharakishe kuutupa huo waya wa simu ya zamani. Huenda ndio unaokuokoa.

#30 Sikio_la_Paka
Ngoja niwachokoze. Nimeambatanisha rekodi mbili, A na B. Gitaa ni hilohilo, wimbo ni huohuo. Niambieni nimebadilisha nini.

#31 Chuma_Baridi
A ni koili moja, B ni hambaka. Sekunde tatu tu zimenitosha.

#32 Bwana_Valvu
A ni transista, B ni valvu. Sikilizeni mkia wa nota kwenye B.

#33 Sumaku_Pole
B ni Alniko 2. Au umeshusha pikapu.

#34 Mzee_wa_Rithimu
Spika mbili tofauti. A ina koni ngumu.

#35 Sikio_la_Paka
Pikapu ileile, amplifaya ileile, spika ileile, nobu sikugusa. Kwenye A maikrofoni ilielekea katikati ya koni. Kwenye B niliisogeza pembeni kama vidole vitatu.

#36 Ngoja_Waje
🤣🤣🤣 Kimya kimetanda. Mzee wetu angalau alitaja spika.

#37 Bwana_Valvu
Mtego huo. Rekodi siyo kukaa chumbani na amplifaya. Suruali inayotetemeka hairekodiki.

#38 Dada_Besi
Kwa hiyo vidole vitatu vya maikrofoni ni sawa na mabishano ya kurasa mbili. Nakubali nimenyamazishwa. Kwa leo.

#39 Wa_Kwenye_Kompyuta
Ndiyo maana wengine tulihama. Mashine za kuiga amplifaya zipo: Kemper ilitoka 2011, Helix ya Line 6 2015, na sasa kuna programu za bei nafuu zaidi ya hizo. Boksi, spika, maikrofoni, vyote unabadilisha kwa kidole. Mimi napiga usiku kwa hedifoni na jirani hajui kama nina gitaa.

#40 Mzee_wa_Rithimu
Ni nzuri, sikatai. Lakini nimeona mtu ana amplifaya 80 kwenye skrini, jioni nzima anachagua, hajapiga wimbo hata mmoja.

#41 Wa_Kwenye_Kompyuta
Mzee umeniona wapi?

#42 Bwana_Valvu
Kidole_Sugu, ukinunua ya valvu zingatia hili, nimelilipia. Nilipata kichwa cha amplifaya cha wati 50, boksi la spika lilikuwa bado. Nikakiwasha bila spika "nione tu taa zinawaka", nikachomeka gitaa, nikapiga. Sikusikia kitu, kwa hiyo nikaongeza sauti. Baada ya dakika chache harufu ya vanishi iliyoungua, kisha fyuzi. Transfoma ya kutolea ilikuwa imekwenda. Ya valvu usiipige bila spika. Na usiingize mkono ndani, kuna volti 400 na kuendelea, na kapasita zinazishika hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

#43 Kuku_wa_Studio
Mwenzio nilikimbilia pikapu za betri, zile za EMG za volti 9, kukwepa mngurumo. Kimya cha ajabu, kweli. Ila nilikuwa naacha jeki imechomekwa usiku, na jeki ndiyo swichi ya betri. Katikati ya onyesho sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikazimika kama mtu anayesinzia. Nilimtukana fundi mitambo hadharani. Bado namdai msamaha, yaani ananidai.

#44 Kidole_Sugu
Wakuu nimerudi, mlikuwa mmenipa kazi ya nyumbani.

Nimeshusha pikapu hadi milimita 2.5 upande mnene. Sauti imepungua, nikasikitika, nikaongeza volyumu kwenye amplifaya, na HAPO ndipo nikasikia. Nota ya freti ya 12 niliyoizoea ikifa baada ya muda mfupi, sasa inakaa hadi nachoka kuisubiri. Kile kipande cha waya nimechomea, vidole viwili vimeungua, toni ya daraja inafanya kazi. Nikiirudisha hadi namba 6 masikio yanapumua.

Halafu nimeazima boksi la inchi 12. Fundi, spika yangu ya ndani imeandikwa omu 4, la kuazima ni 8. Nimeunganisha kabla sijauliza, nisamehe.

#45 Fundi_Risasi
Kwa transista hakuna neno, wati zinapungua hadi karibu nusu, ila kwa sikio ni kidogo tu. Ungeweka ya omu 2 ndipo ungeunguza. Na usithubutu mchezo huo kwenye valvu. Sauti je?

#46 Kidole_Sugu
Mzee_wa_Rithimu, nakupa heshima yako. Ni kiamplifaya kilekile cha wati 15, nilidhani mtu mwingine kaingia chumbani. Nyuki wamebaki wachache.

#47 Mzee_wa_Rithimu
Nilisema.

#48 Sumaku_Pole
Samahani mzee, lakini kushusha pikapu kulitangulia.

#49 Dada_Besi
Nami nilikuwepo chumbani. Kwa masikio yangu tofauti kubwa ilikuja na ile nobu ya toni, boksi liliongeza besi tu. Na besi ni idara yangu.

#50 Kidole_Sugu
Mngurumo ndio haujaondoka. Ila nimegundua kitu: nikikaa nimeelekea dirisha, kimya karibu kabisa. Nikigeukia mlango, nyuki. Nimehamisha kiti. Pesa bado ninayo mfukoni na sasa sijui kabisa niinunulie nini.

#51 Fundi_Risasi
Koili ina uelekeo, kama antena. Tafuta kilicho upande wa mlango: taa, chaja, au ile transfoma ya amplifaya yenyewe.

#52 Chuma_Baridi
Wadau, nauza hambaka moja ya daraja, kiloomu 16, waya nne, nimeichomoa jana. Anayeihitaji aje PM.

#53 Ngoja_Waje
Heee! Chuma_Baridi wewe?? Toa maelezo.

#54 Chuma_Baridi
Nikipiga peke yangu ni tamu. Bendi ikiingia, pamoja na ngoma na besi, sisikiki. Nimekuwa tope. Nimeweka koili moja, sasa napenya.

#55 Dereva_Mstaafu
Kwa hiyo singo kebini. Nilisema post ya pili.